Kipindi Kitupu cha Jumanne

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kulitafuta, hasara si kubwa. Nilishuka kwenye ndege, begi langu halikushuka. Nikatoka nje, nikakutana na baridi iliyonisahaulisha hata namba ya simu ya mdogo wangu. Mpaka leo navaa koti la shemeji, ambalo kwake linaishia magotini na kwangu linafagia ngazi.

Hayo yalikuwa rasharasha tu. Leo nakiri nilichokitenda mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu na rula.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ndiye mpanga ratiba wa shule yetu. Walimu thelathini na mmoja, madarasa kumi na sita, maabara moja, na sijawahi kugonganisha vipindi viwili. Wanafunzi wananiita Kengele, wakidhani sijui. Mkuu wa shule aliniruhusu kusafiri likizo hii kwa sharti moja: niandike ripoti juu ya utamaduni wa watu wa nchi ya baridi, niisome mbele ya walimu wote.

"Usituletee picha za theluji," aliniambia. "Theluji tumeiona kwenye friji. Tuletee watu wanavyoishi."

Basi nikafikia kwa mdogo wangu, kitindamimba wetu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda. Ni muuguzi wa zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ana ujauzito wa miezi sita. Mumewe ni fundi seremala, naye anatoka kwetu vilevile, mtu mpole ambaye hata nyundo anaishusha mezani taratibu isije ikaumia. Wanaishi namba sita, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la nyumba nane.

Ijumaa ya kwanza Kitinda alinichukua twende chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia. Mashine mbili, beseni moja, kamba za kuanikia, na mlangoni karatasi kubwa yenye jedwali.

Nililiona jedwali kabla sijaziona mashine.

"Hii ndiyo ratiba?" nikauliza.

"Ndiyo, Dada. Kila nyumba ina saa yake. Sisi ni Ijumaa jioni."

Lugha yao siijui, lakini namba zinasomeka dunia nzima. Juu zilipangwa siku saba, pembeni saa, na ndani ya visanduku namba za nyumba, moja hadi nane. Mistari ilikuwa imechorwa kwa mkono mtupu, inapanda na kushuka. Namba tatu alikuwa na vipindi vitatu mfululizo Jumatatu. Namba nane alipewa Jumapili alfajiri, saa ambayo hata jogoo hajaamka. Na Jumanne, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisanduku kilikuwa kitupu. Kitupu kabisa!

"Kitinda, wewe Jumanne asubuhi si ndiyo unatoka kazini?"

"Saa moja nakuwa nimefika."

"Na sare zako chafu?"

"Zinasubiri Ijumaa."

"Na kuna kipindi kitupu Jumanne saa mbili! Aliyepanga ratiba hii alisomea wapi?"

Kitinda akaacha kupakia nguo. Ananijua. Alikuwa mwanafunzi wangu darasa la sita, na mpaka leo nikishika kalamu nyekundu anakaa wima.

"Dada," akasema, "nisikilize vizuri. Usiguse kitu. Jumamosi ijayo ni mkutano wa jengo. Mgeni hapa anakaa mwaka mmoja wa kuangaliwa, halafu nyumba zote zinainua mikono. Mkono mmoja ukibaki chini, tunafungasha. Tumehama mara nne kwa miaka mitatu. Mtoto huyu nataka azaliwe mahali ambapo sitamfungia virago."

"Mimi nitagusa nini?"

"Chochote. Usiguse chochote."

Nikaahidi. Nilikuwa namaanisha, wasomaji wangu, nawaapia.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Kila nikifumba macho namwona namba nane anashuka ngazi Jumapili alfajiri na kapu lake. Mume wangu husema siku nikifika mbinguni, kabla ya kusalimia nitauliza nani yuko zamu. Ni maradhi, na sina dawa yake.

Jumatatu mchana Kitinda alikuwa amelala, shemeji yuko karakana. Nikachukua rula ya shemeji, karatasi kubwa kwenye mkoba wake, na kalamu zangu mbili, ya bluu na nyekundu, ambazo kwa bahati nzuri nilikuwa nimezibeba mfukoni na si kwenye begi. Sasa naona ilikuwa bahati mbaya.

Nikashuka. Nikaibandua karatasi ya zamani, nikaiweka juu ya mashine, na mkono wangu ukafanya kile ambacho umezoea kwa miaka ishirini na miwili. Nikaisahihisha.

Namba tatu nikamzungushia duara. Namba nane nikamwandikia pembeni: *Si haki.* Mistari iliyopinda nikaipigia alama za mshangao. Kisanduku kitupu cha Jumanne nikakiwekea ulizo kubwa. Na juu kabisa, pale ninapoandika siku zote kwenye kazi mbovu, nikaandika: *Jitahidi zaidi. Nione ofisini.*

Kisha nikachora ratiba mpya. Ilichukua saa moja na nusu. Kila nyumba ikapata mchana mmoja na jioni moja. Hakuna aliyeamka alfajiri. Na Jumanne saa mbili asubuhi nikaandika, kwa bluu safi, namba sita.

Ile ya zamani nikaikunja na kuiweka kwenye daftari la ripoti, iwe kielelezo. Nikapanda ngazi huku nikiimba.

Sasa sikieni maajabu ya watu hawa, na hili ndilo nililoanza nalo kwenye ripoti yangu: karatasi ikibandikwa mlangoni, wanaifuata. Kwetu ukibandika ratiba mpya, wiki nzima ni maandamano ofisini kwako. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana shamba, mwingine hajui kusoma ghafla. Hapa namba tatu alikuja, akasoma, akayatoa mashuka yake mashineni yakiwa yanachuruzika, akaondoka.

Jumanne asubuhi Kitinda akarudi kazini, akashuka chini, akapanda tena mbiombio.

"Dada! Wametubadilishia! Wametupa Jumanne! Hii ni dalili njema, si ndiyo? Watu hawampi saa nzuri mtu wanayetaka kumfukuza!"

"Dalili njema sana," nikasema, nikiwa nimeinamia kikombe cha chai.

Akafua sare zote. Aliporudi alikuwa na neno moja tu.

"Yule mzee wa namba moja alikuja mlangoni, amebeba kiti. Nimemsalimia. Ameangalia mashine inazunguka, akageuka, akaondoka na kiti chake. Nadhani anaanza kusahausahau, maskini. Nawajua wa namna hiyo."

Mimi sikufikiria chochote. Niliomba anipitishie sukari.

Jumatano jioni mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa namba nne, ambaye ndiye katibu wa jengo, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Akaongea na Kitinda kwa dakika tano. Mimi nilikuwa mezani na kipande cha mkate. Maneno ya kwao ninayoyajua ni "asante" na "samahani", na katika dakika zile tano sikusikia hata moja.

Kitinda akageuka, uso umempauka.

"Anauliza nani kabadilisha ratiba. Anasema hakuna kikao kilichokaa. Anasema mistari imenyooka mno, ni ya mtu mwenye rula."

Wote watatu tukamtazama shemeji. Shemeji alikuwa na penseli sikioni.

Hapa ndipo ningesema. Mkate ulikuwa mdomoni, nikautafuna. Nikautafuna tena. Mkate wa nchi ile ni mgumu, lakini si mgumu kiasi kile.

"Mimi?" shemeji akasema. "Mimi sijui lolote."

Katibu akaitikia kwa kichwa, namna ya mtu aliyekwisha kuamua, akaaga. Kitinda akamgeukia mumewe.

"Mume wangu, niambie ukweli. Ni wewe?"

"Mke wangu, nimekwambia sijui."

"Karatasi ni ya mkoba wako!"

Shemeji akaenda kuangalia mkoba. Akahesabu karatasi, akakuta moja haipo. Akakaa chini, akajishika kichwa, mtu wa watu. "Labda," akasema polepole, "nimefanya nikiwa nimechoka sana."

Nikaomba ruhusa nikalale. Ilikuwa saa moja na nusu ya jioni.

Mnajua mimi si mtu mbaya. Nilipanga kukiri Alhamisi asubuhi, kabla ya chai. Nilikwisha hata kuyapanga maneno. Lakini Alhamisi asubuhi mambo yakageuka.

Namba nane, kijana mpiga tarumbeta ambaye miaka yote alikuwa anafua Jumapili alfajiri, alimsimamisha shemeji kwenye ngazi, akamkumbatia. Namba mbili akamletea kopo la biskuti. Namba tano, ambaye Kitinda anasema hajawahi kusalimia mtu tangu wahamie, alimshikia mlango wa chini.

"Wanasema ratiba ni nzuri," shemeji akatuambia akiwa bado haamini. "Wanasema kwa nini hatukufanya hivi zamani."

"Na wewe umesemaje?" nikauliza.

"Nimesema asante."

"Umesema asante?"

"Shemeji, mtu akikukumbatia utamwambia nini?"

Jioni ile alikaa kwenye kiti chake kwa namna tofauti. Alikula biskuti moja moja. Akaanza kumweleza mkewe siri ya ratiba nzuri. "Unajua," anasema, "cha kwanza ni kuangalia nani anateseka." Nani anateseka! Maneno yangu hayo, nimeyasema kwenye semina tatu!

Nakiri, hapo ndipo roho yangu ilipoonyesha rangi yake. Lilipokuwa kosa, nilimwachia shemeji bila kukosa usingizi. Ilipokuwa sifa, sikuweza kulala. Nilikuwa nasikia kopo la biskuti likifunguliwa jikoni na kila kifuniko kilipolia nilihisi kama nimeibiwa.

Jumamosi mchana tukateremka kwa Katibu. Sebule yake ilikuwa na viti kumi na viwili vya kila aina, kipasha joto kinachonguruma chini ya dirisha, na watu wa nyumba nane wamekaa kwa mpangilio wa ghorofa. Mzee wa namba moja alikaa mbele, peke yake. Kiti alikuja nacho, kile cha kukunja, chenye kitambaa cha mistari.

Kitinda alinong'oneza kila kitu sikioni mwangu.

"Anasema tumelipa kwa wakati. Anasema hatuna kelele. Anasema mume wangu ametengeneza kitasa cha mlango wa chini bila kuombwa. Sasa anasema juu ya ratiba."

Katibu akainua ratiba yangu juu. Alikuwa ameibandua mlangoni. Mistari ile iling'aa mbele za watu.

"Anasema mwanzoni alikasirika, kwa sababu hapakuwa na kikao. Lakini anasema hajawahi kuona kazi ya haki kama hii. Anamshukuru mume wangu."

Watu wakapiga makofi. Shemeji akasimama nusu, akainamisha kichwa, mkono kifuani. Mkono kifuani!

Nikasimama.

"Ni mimi!" nikasema.

Kitinda akanivuta koti. Koti ni kubwa, likaja lenyewe, mimi nikabaki pale pale.

"Mwambie, Kitinda. Waambie ni mimi. Shemeji hata siku za wiki anazihesabu kwa vidole. Waambie dada yako ni mpanga ratiba mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili!"

"Dada, kaa chini."

"Watafsirie!"

Akatafsiri. Nikaona nyuso zikigeuka kuja kwangu moja baada ya nyingine, na makofi yakaanza upya, makubwa zaidi. Mpiga tarumbeta akapiga mluzi. Shemeji alinitazama kwa huzuni ndogo, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima. Nikatabasamu, nikasema neno langu la kwao: asante. Nikalisema mara tatu.

Ndipo mzee wa namba moja akainua kidole.

Aliongea taratibu na kwa sauti ya chini. Watu wote wakamwinamia kusikia. Kitinda hakutafsiri.

"Anasemaje?" nikamgusa. "Kitinda, anasemaje?"

"Anasema ratiba ile ya zamani aliiandika mke wake. Miaka kumi na minane iliyopita, walipohamia wote. Mke wake amefariki, mwaka wa nne huu."

"Ooh. Maskini."

"Anasema mke wake alikuwa anafua Jumanne, saa mbili. Hakujiandika, kwa sababu ndiye aliyekuwa anawaandika wengine, na kila mtu alijua. Mzee alikuwa anakwenda na kiti, anakaa naye wanaongea mashine ikizunguka. Alipofariki, hakuna nyumba iliyoigusa ile saa. Mpaka leo mzee anashuka kila Jumanne na kiti chake."

Nikakaa chini bila kuambiwa.

"Wiki hii alishuka," Kitinda akaendelea, "akakuta sare zangu. Anasema alidhani jengo limeamua. Na hawa wengine wanasema walidhani yeye mwenyewe ndiye katuruhusu saa ile, wakaogopa kumuuliza. Anauliza, aliyeandika namba sita kwenye saa ile hakuona kwamba haikuwa tupu?"

Wasomaji wangu, kwenye ratiba ya shule yetu, ile inayobandikwa ofisini kila Januari, hakuna kipindi kimoja chenye jina langu. Jiografia darasa la saba, Jumatano asubuhi: patupu. Mwalimu mgeni aliwahi kunijazia pale somo la michezo, na nilimsema mpaka akalia. Mpanga ratiba hajiandiki. Mimi kati ya watu wote nilipaswa kuliona lile.

"Mwambie," nikamwambia Kitinda, "hata mimi sijiandiki. Mwambie nilipaswa kujua. Mwambie naomba radhi, na wewe hukuhusika kabisa."

Akamwambia. Mzee alinitazama kwa macho ya kijivu yenye majimaji. Kisha akasema jambo fupi.

"Anauliza karatasi ya mke wake iko wapi. Anauliza kama imetupwa."

"Haijatupwa!" Nikaruka juu. "Mwambie ipo! Mwambie nimeitunza!"

Nikatoka mbio, nikapanda ngazi na koti nimelikusanya mikononi. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Kumbe kosa lina dawa! Nikalichomoa daftari chini ya mto, nikateremka ngazi mbili mbili, na nilikuwa mlangoni kwa Katibu, nimekwisha shika kitasa, nilipokumbuka wino mwekundu.

Nikaachia kitasa. Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Alikuwa Kitinda.

"Umeipata?"

Nikamfunulia ncha moja. Akaona duara. Akaona *Si haki.* Akaona *Jitahidi zaidi. Nione ofisini.*

"Dada," akasema bila sauti. "Umemsahihisha marehemu?"

"Sikujua kama ni marehemu!"

"Angekuwa hai ungemwita ofisini?"

Nyuma yake mzee alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Hakukuwa na namna. Nikaenda, nikampa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua moja.

Akavaa miwani. Akaifungua karatasi juu ya magoti, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. Watu wa mbele wakainama kutazama. Niliona kidole chake kikifuata duara moja, kikaenda kwenye lingine, kikasimama kwenye ulizo kubwa la Jumanne. Kikapanda mpaka juu, kwenye maneno. Akainua kichwa, akauliza.

Kitinda akafumba macho. Kisha mdogo wangu, yule niliyemfunza mwenyewe kusema ukweli kwa kiboko na kwa pipi, akaanza kuongea.

Maneno manne ya Kiswahili hayawezi kuwa marefu vile. Aliongea kama mtu anayehutubia. Alinionyesha mimi. Aliweka mkono juu ya tumbo lake, akautoa, akauelekeza darini. Alitaja kitu huku akichora hewani kwa kidole, kama mtu anayeandika. Shemeji, ambaye lugha anaielewa, aligeuka kumtazama mkewe, mdomo ukabaki wazi, kisha akatazama viatu vyake na hakuinua macho tena.

Mama wa namba mbili akashika kifua. Mpiga tarumbeta akavua kofia. Katibu akavua miwani ya kamba, akajifuta.

Mzee alikunja karatasi polepole, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake. Akasimama. Akainua mkono wa kulia juu kabisa, akaushikilia pale. Mikono mingine ikapanda nyuma yake, yote. Kitinda akaanza kulia kwa sauti. Kikao kikavunjika, watu wakasimama.

Lakini mzee alikuja kwangu. Akanishika mikono yote miwili na kuikandamiza, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. Akanena maneno machache mazito. Mimi sikuyaelewa, lakini nikaanza kulia, kwa aibu, kwa huruma, na kwa sababu nilimpenda yule mzee palepale. Nikamwambia asante. Nikamwambia samahani. Akaitikia vyote viwili.

Tulipanda ngazi. Tulipofika ya tatu nikamshika Kitinda mkono.

"Umewaambia nini?"

"Tumekubaliwa, Dada. Mzee ndiye mwenyekiti, anasaini karatasi Jumatano."

"Nimeona. Umewaambia nini?"

"Nimewaambia ni mila ya kwetu."

"Mila gani?"

Akamtazama mumewe. Shemeji akajifanya anatafuta ufunguo.

"Kwamba kwetu," akasema Kitinda kwa haraka, "mjane akikutana na mwandiko wa marehemu wa mtu mwingine, anauandikia kwa wino mwekundu. Kumsalimia. Maduara yale ni mahali roho ya mwandishi ilipopumzika. Na pale juu nimesema umeandika 'Pumzika, tutaonana.'"

"Maduara ni nini?"

"Ndiyo kilichokuja mdomoni, Dada!"

"Na mjane! Mjane gani?"

Akaanza kufuta vumbi kwenye kitasa.

"Kitinda. Mjane nani?"

"Ungetaka niseme nini? Kwamba umempa mke wa mtu sifuri?"

"Mume wangu yu hai!"

"Najua. Ni shemeji yangu."

"Nimeongea naye jana! Kaniuliza ufunguo wa kabati uko wapi!"

"Punguza sauti, wanasikia."

"Hawajui Kiswahili!"

"Hasira wanaijua," akasema. "Mjane hapigi kelele hivyo."

Shemeji aliupata ufunguo lakini hakufungua. Alikohoa. Mtu mpole huyu, nilimwachia kosa langu siku tatu, na sasa alinitazama kwa upole uleule.

"Mwambie na lile lingine," akamwambia mkewe.

"Lipi?" nikauliza. "Lipi lingine?"

Kitinda akajifuta pua kwa ukingo wa mkono.

"Mzee amependa sana ile mila. Jumanne saa mbili wote wanashuka chumba cha kufulia, jengo zima, kila mtu na kalamu nyekundu. Anataka kumwandikia mke wake. Halafu, kwa heshima yako, watamwandikia na mumeo. Ameomba ulete picha yake."

"Picha ya nani?"

"Ya marehemu."

"Na wakijua kwamba si marehemu? Jumatano atasaini?"

Kitinda aliweka mkono juu ya tumbo na kutazama mlango wao, namba sita, kama mtu anayeuaga.

"Hawakuuliza amekufaje?" nikasema.

"Wameuliza."

"Ukasema nini?"

"Nimesema inakuuma mno, utawasimulia mwenyewe Jumanne."

Nikakaa kwenye ngazi, koti la shemeji limenizunguka kama hema. Nikafungua simu, nikaanza kumtafutia mume wangu picha ya kufaa. Nilipitia arobaini na saba. Zote anacheka.